Kijiti Kilichopasuliwa: Ushuru wa Wafalme wa Uingereza Hapo Kale

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliosema maneno haya waliwaonya wenye maduka, lakini onyo lenyewe lawafaa hata wafalme. Mfalme aweza kuwa na askari wengi na bandari nyingi, lakini asipokuwa na njia ya kujua kilichopokewa kwa jina lake, ushuru wake huishia mifukoni mwa watumishi. Na raia, ambaye amekwisha kulipa, huja akatozwa tena. Wafalme wa Uingereza walilijua jambo hili tangu zamani. Njia walizozitumia kulizuia, miaka mia saba na zaidi iliyopita, zafaa kuangaliwa na kila mtu ashikaye kalamu ya hesabu na kila mtu ajazaye gunia la mazao.

USHURU WA DARAJA NA SOKO

Siku hizo mkulima aliyepeleka mazao yake sokoni alikutana na watoza ushuru mara nyingi njiani. Mji uliotaka kujenga ukuta, kutengeneza daraja au kutandaza mawe barabarani uliomba ruhusa kwa mfalme, naye aliutolea hati ya kutoza ushuru kwa muda wa miaka iliyotajwa. Hati hiyo iliorodhesha bidhaa moja moja na kiasi cha kulipa: kwa mzigo wa farasi kiasi hiki, kwa gari la nafaka kiasi kile, kwa ngozi, kwa samaki, kwa chumvi. Fedha zilizopatikana zilipaswa kutumika kwa kazi ile iliyoombewa, wala si kwa jambo jingine.

Hata hivyo watu walitozwa kupita kiasi, nao wakanung'unika. Hati Kuu ya mwaka 1215, ambayo Mfalme John alilazimishwa na wakuu wa nchi kuikubali, iliwaahidi wafanyabiashara kwamba wangesafiri salama na kulipa ushuru wa haki wa desturi tu, bila kutozwa ushuru mbaya. Sheria nyingine ya mwaka 1275 ilikuwa kali zaidi. Mji uliopewa ruhusa ya kutoza ushuru wa ukuta, ukitoza zaidi ya hati, ulinyang'anywa ruhusa yake. Na msimamizi wa soko aliyezidisha ushuru kwa shauri lake mwenyewe alimlipa fidia yule aliyedhulumiwa, kisha akafungwa siku 40.

SUFU, MALI YA NCHI

Lakini mali kubwa ya Uingereza ilikuwa sufu ya kondoo. Wafumaji wa nguo wa Flanders na wa Italia waliitaka kuliko sufu ya nchi nyingine, na merikebu ziliichukua kila mwaka kuvuka bahari. Mwaka 1275 Mfalme Edward wa Kwanza alikubaliwa na Bunge kutoza ushuru wa shilingi 6 na peni 8 kwa kila gunia la sufu lililotoka nchini, na kiasi hicho hicho kwa kila ngozi 300 za kondoo zenye manyoya. Gunia hilo halikuwa dogo. Kipimo chake kilichokuja kutumika kwa muda mrefu kilikuwa ratili 364. Ushuru huu ulimpatia mfalme kama pauni 10,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana kwa zama zile. Hata hivyo hazikukaa katika hazina yake, maana kwa miaka mingi zilipokewa na matajiri wa Lucca, mji wa Italia, ambao walikuwa wamemkopesha mfalme.

Mwaka 1303 wafanyabiashara wageni waliongezewa shilingi 3 na peni 4 kwa kila gunia. Wao walikubali kwa kuwa mfalme aliwapa hati ya kuwaondolea ushuru wa kuta, wa madaraja na wa barabara katika nchi nzima. Waliona ni heri kulipa mara moja bandarini, kwa kiasi kinachojulikana, kuliko kulipa kidogo kidogo kwa kila mtu asimamaye langoni na kunyosha mkono.

MUHURI WA VIPANDE VIWILI

Sasa ulikuwapo ugumu. Nani atamwangalia mtoza ushuru? Bandari zilikuwa mbali, na mfalme hakuweza kusimama penye kila mizani. Jibu lililopatikana lilikuwa hili: kazi moja isiwe mikononi mwa mtu mmoja.

Katika miji mikubwa ya bandari walichaguliwa watu wawili wenye sifa ya uaminifu, wakapewa kipande kimoja cha muhuri; na mtu aliyewekwa na mfalme alishika kipande cha pili. Sufu ilipimwa, ushuru ukalipwa, kisha mwenye mali alipewa hati ya kumruhusu kupakia. Hati hiyo haikuwa na nguvu mpaka ipigwe vipande vyote viwili vya muhuri. Kwa hiyo watoza hawakuweza kumpitisha rafiki yao kwa siri, wala mkaguzi hakuweza kupitisha mzigo peke yake. Tena watoza waliandika hesabu yao, na mkaguzi aliandika ya kwake mbali. Hesabu zote mbili zilipelekwa kwenye Hazina ya mfalme, zikasomwa pamoja, mstari kwa mstari. Zikitofautiana, watoza waliulizwa.

KIJITI CHA HESABU

Katika Hazina penyewe palikuwa na meza kubwa, urefu wake futi 10 na upana wake futi 5, iliyotandikwa kitambaa chenye mistari kama ubao wa mchezo wa sataranji. Hesabu ilifanywa juu yake kwa kusogeza vipande vidogo vya duara, ili mkuu wa jimbo aliyeleta fedha, hata kama hakujua kusoma, aone kwa macho yake kiasi anachodaiwa na kiasi alicholipa.

Aliyelipa hakupewa karatasi bali kijiti cha mti, chenye mikato. Mkato wa pauni 1,000 ulikuwa na upana wa kiganja. Wa pauni 100, upana wa kidole gumba. Wa pauni 20, upana wa kidole cha mwisho. Na wa pauni moja, upana wa punje ya shayiri iliyokomaa. Shilingi ilikatwa nyembamba zaidi, na peni ilikuwa alama tu ya kisu. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu wake, mikato ikabaki pande zote mbili. Sehemu ndefu alipewa mlipaji, na ile fupi iliwekwa Hazina. Mtu aliyeongeza mkato katika sehemu yake aliumbuka mara zilipounganishwa, kwa kuwa mikato haikulingana tena. Desturi hii ilidumu hata mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vya zamani vilipokuwa vikichomwa katika majiko ya jumba la Bunge mjini London, moto ulishinda nguvu na kuliteketeza jumba lenyewe.

UDHAIFU WAKE

Hata hivyo mambo haya yote ni vyombo tu, na chombo hufanya kazi kwa kadiri ya mkono unaokishika. Mwaka 1374 mshairi Geoffrey Chaucer aliwekwa kuwa mkaguzi wa ushuru wa sufu katika bandari ya London, naye aliamriwa kuandika hesabu kwa mkono wake mwenyewe. Mshahara wake ulikuwa pauni 10 kwa mwaka. Miongoni mwa watoza aliowakagua walikuwamo Nicholas Brembre, William Walworth na John Philipot, matajiri wakubwa wa mji, wenye kufanya biashara hiyo hiyo ya sufu, na ambao mfalme mwenyewe alikopa kwao. Msomaji na ajiulize ni vigumu namna gani kwa karani wa pauni 10 kuwaambia watu kama hao kwamba mizani yao si sawa.

Magendo nayo hayakukosekana. Mwaka 1376 Chaucer alipewa pauni 71, shilingi 4 na peni 6, thamani ya sufu ambayo mtu mmoja aitwaye John Kent aliipeleka Dordrecht bila kulipa ushuru, naye akakamatwa. Kiasi hicho kilikuwa mshahara wa mkaguzi wa miaka saba. Mwaka 1386 wajumbe wa Bunge walilalamika kwamba wakaguzi wa bandari waliopewa kazi kwa maisha yao yote walikuwa wakiwadhulumu watu, nao wakaomba waondolewe. Chaucer hakushtakiwa kwa wizi, lakini kabla ya mwaka huo kwisha aliiacha kazi hiyo.

Na mkulima je? Yeye hakuonekana bandarini, lakini mzigo ulimfikia. Mwaka 1294, kwa ajili ya vita na Ufaransa, ushuru wa gunia ulipandishwa hadi shilingi 40, yaani mara sita ya ule wa kwanza. Wanunuzi hawakuubeba wao. Walipunguza bei waliyompa mfugaji wa kondoo. Malalamiko yalizidi hata mwaka 1297 mfalme akaufuta, akaahidi kwamba ushuru wa namna hiyo hautatozwa tena pasipo ridhaa ya nchi. Ule wa mwaka 1275 ulibaki, maana wenyewe ulikubaliwa barazani.

Kwa hiyo ushuru wa haki wataka mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiasi chake kikubaliwe na kujulikana mbele ya watu. La pili ni kwamba pawe na ushahidi wa pande mbili, nusu kwa mlipaji na nusu kwa mpokeaji. Mkulima apelekaye kahawa au maziwa kwenye chama chake, akapewa kipande cha karatasi chenye uzito na tarehe, asikitumie kufungia tumbaku. Hicho ndicho kijiti chake. Naye karani asikasirike hesabu yake inapolinganishwa na ya mwenzake, kwa sababu nusu ile ya pili humlinda mtu mwaminifu kama inavyomfichua mwizi.