Kununua Si Kazi, Kazi ni Kutunza: Gari la Zimamoto na Haki ya Mkazi wa Eastlands



Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Watawala wetu hupenda kuzaa na huchukia kulea. Gari la zimamoto likiletwa jijini, huoshwa likang'aa, utepe hukatwa, hotuba hutolewa na king'ora hulizwa ili watoto washangilie. Baada ya muda, gari lile lile huonekana limeegeshwa nyuma ya kituo, magurudumu yameishiwa pumzi, likingoja kipuri ambacho hakuna aliyekumbuka kukitengea fedha. Ukiuliza, unaambiwa faili iko mezani. Meza ya nani, huambiwi.

Swali letu basi ni moja: ni nani anayewajibika kwa gari la zimamoto siku ya pili baada ya sherehe? Sisi wakazi wa Eastlands tuna sababu ya kuliuliza kwa sauti. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba la mafuta ililipuka katika kijiji cha Sinai, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi hata hatuhesabu tena; moto wa Juni 2018 peke yake uliua watu wasiopungua 15. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, likaua watu na kujeruhi mamia ya majirani zetu. Hatudai kwamba gari zima lingewaokoa wote hao. Tunasema kwamba mahali ambapo moto umekuwa jirani wa kudumu, gari bovu la zimamoto ni ahadi iliyovunjwa kabla ya kutolewa.

Sisi tunaoandika haya tumelelewa katika mitaa hii. Usiku mmoja nyumba za mabati zilishika moto nyuma ya ploti yetu. Gari la zimamoto lilifika, na wazimamoto wakaruka chini kwa ushujaa. Walipofungulia maji, mpira ulipasuka penye mikunjo yake mithili ya karatasi kuukuu. Hawakuwa na mwingine. Tulipambana kwa ndoo, mabeseni na mchanga hadi alfajiri, na familia kadhaa zikabaki na nguo walizovaa. Kwa hasira, baadhi ya vijana wetu waliwatupia wazimamoto mawe. Tunakiri kwamba walikosea. Mzimamoto hakununua mpira ule, wala si yeye aliyefuta fedha za kununua mwingine. Alitumwa vitani na bunduki isiyo na risasi, kisha akapigwa na wale aliotumwa kuwaokoa. Jiwe lilimpata asiye na hatia, na mwenye hatia alikuwa amelala nyumbani kwake.

Tuseme wazi gari hili linahitaji nini, kwa maana kutojua kwetu ndiko maficho ya wazembe. Gari la zimamoto si kama matatu ambayo huharibika kwa kukimbia sana. Hili huharibika kwa kusimama. Betri hufa likiwa limeegeshwa. Magurudumu hupasuka kwa umri ingawa hayajatembea kilomita nyingi. Mpira wa maji ukikunjwa ukiwa na unyevu huoza. Pampu isipozungushwa mara kwa mara, sili zake hukauka na kuvuja, na tangi la chuma huliwa na kutu kutoka ndani. Zaidi ya hayo, lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Gari lenye tangi la lita 5,000 husimama mchana na usiku likiwa limebeba tani tano, hivyo springi, breki na magurudumu yake hayapumziki kamwe. Ndiyo maana popote pale ambapo kikosi kinaheshimiwa, gari hukaguliwa kila zamu inapobadilishwa, pampu hujaribiwa kwa ratiba, na kila jambo huandikwa katika daftari lenye tarehe na sahihi.

Hesabu nyingine ni hii. Pampu ikitoa lita 1,000 kwa dakika, tangi lile la lita 5,000 hukauka kwa dakika tano. Baada ya hapo, gari zuri kuliko yote duniani ni mkokoteni tu, isipokuwa kama kuna bomba la maji ya zimamoto karibu. Je, mabomba hayo yako wapi katika mitaa yetu? Mengine yamefukiwa chini ya lami, mengine yamejengewa vibanda juu, na mengine hayajaona maji kwa miaka. Na gari linalotoka kituo kikuu cha Barabara ya Tom Mboya ni lazima lipenye msongamano wa Landhies na Jogoo kabla ya kufika Bahati, Jericho au Umoja. Kutunza gari, basi, ni pamoja na kuitunza njia yake na maji yake.

Wapo wanaotuambia tushukuru tukipewa gari kuukuu lililostaafishwa Ulaya, eti maskini hachagui. Sisi hatusemi kwamba gari kuukuu ni aibu. Gari la miaka 25 lililotunzwa vyema litazima moto, na gari jipya lililotelekezwa halitazima hata jiko. Hata hivyo, anayenunua kikuukuu ananunua pia wajibu mzito zaidi. Kilomita zake huenda zikawa chache na miaka yake mingi. Kiwanda huenda kimeacha kutengeneza vipuri vyake. Fundi wetu huenda hajapata kuona pampu ya aina hiyo. Raia wa kawaida akitaka kuagiza gari lililotumika, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa humzuia likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwananchi anayenunua kwa jasho lake amewekewa kipimo. Je, anayenunua kwa jasho la wengine asiulizwe hata kitabu cha matengenezo?

Tusisahau pia kwamba pale Kamukunji wamo mafundi wa jua kali wanaofua chuma tangu asubuhi hadi jioni, na katika kila mtaa wa Eastlands wamo makanika walioweka hai magari ambayo wenyewe wa Ulaya walikwisha kuyatupa. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni mkataba wa haki, malipo yanayofika kwa wakati, na msimamizi asiyedai chake kabla ya fundi kupata chake.

Sisi ni mawakili, na hatuna budi kusema sheria inasema nini. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Kwa hiyo City Hall haiwezi kutuelekeza kwa mwingine. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye kulingana na gharama. Gari lililonunuliwa kwa bei ndogo likalala bovu halikulingana na gharama hata kidogo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma siku 21 kujibu ombi, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Tunauliza: ni habari gani inayohusu uhai kuliko hii, kama gari la zimamoto la eneo letu linaweza kutembea usiku wa leo?

Vijana wetu hutuuliza mambo haya yanahusianaje na mapambano ya vyama vingi. Yanahusiana sana. Kuanzia mwaka 1983 hadi uchaguzi wa Desemba 1992, Nairobi haikuwa na madiwani waliochaguliwa. Ilitawaliwa na tume iliyoteuliwa na serikali kuu. Mkazi wa Makongeni au Dandora hakuwa na wa kumwuliza. Waliokwenda Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 wakapigwa marungu na gesi ya kutoa machozi, wakati sisi tulikuwa watoto, hawakwenda kutafuta wingi wa bendera. Walitaka mtawala awe na mtu wa kumwuliza. Leo tunao wawakilishi wa wadi kutoka vyama mbalimbali, na bado siku ya kukata utepe huwaona wote mstari wa mbele, wa serikali na wa upinzani bega kwa bega. Siku ya kuuliza vipuri viko wapi, viti ni vitupu. Upinzani unaohudhuria sherehe na kukwepa ukaguzi ni chama kimoja chenye majina mengi.

Kwa hiyo tunadai mambo matano. Kwanza, kila gari la zimamoto linaponunuliwa au kupokewa kama msaada, makadirio ya gharama ya kulitunza kwa miaka yake yote yatangazwe kabla ya utepe kukatwa. Pili, fedha za matengenezo zipewe fungu lake katika bajeti ya kaunti, lisihamishwe kwa safari wala mikutano. Tatu, daftari la ukaguzi la kila gari liwe wazi kwa mkazi yeyote atakayefika kituoni. Nne, mabomba ya maji ya zimamoto yahesabiwe mtaa kwa mtaa, yafukuliwe na kujaribiwa. Na wachuuzi waliojenga juu yake wapewe nafasi nyingine kwa heshima, si kwa tingatinga la usiku. Tano, wazimamoto wapewe mavazi, mafunzo na bima inayolingana na hatari wanayoikabili.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tusizibe njia za ploti kwa vibanda na magari, tusiunganishe nyaya za umeme kiholela, na tusimpige jiwe mzimamoto. Badala ya jiwe, tuandike barua. Wakazi kumi wa kila mtaa, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, waandike ombi la habari, waweke nakala, wahesabu saa 48. Wakinyimwa jibu, wapeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na ikibidi, mahakamani. Mawakili wa kuzibeba kesi hizo bila malipo watapatikana; sisi ni miongoni mwao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mitaa yetu ya mabati, ukuta huo haujengwi tena kabla ya kuwazika waliokuwa ndani yake. Gari la zimamoto ni mali ya anayeungua, na mwenye mali ana haki ya kufungua boneti.