Jina la Staa Sio Kadi ya Gari, Tutaibiwa Mpaka Lini?

Haya wapendwa, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa naandika. Majina sitaji. Natupa jiwe gizani, atakayesema "yalaa" tutajua limempata nani.

Kuna kamchezo kameingia mjini. Staa, au huyu tunayemwita staa kwa sababu ana wafuasi wengi Instagram, ana kamkoko kake kadogo. IST, Passo, Vitz, zile zile gari zetu za kunusa mafuta. Hela ikikaa vizuri kidogo anataka ndinga ndefu ya kushukia kwenye sherehe, kwa hiyo kale kadogo anakauza. Anakapiga picha Coco Beach jua linazama, halafu anaandika: "Kamenibeba nikiwa sina kitu. Natafuta mtu wa kukapenda kama nilivyokapenda mimi." Chini huko ni moto na mioyo tu, "nyota yangu", "nibariki na mimi dada", mtu anauliza bei kabla hajauliza ni ya mwaka gani.

Jamani. Gari haina nyota. Gari ina injini, ina gia boksi, na ina kadi.

Nina binti wa mama yangu mdogo, ni mpambaji wa maharusi. Miaka minne alikuwa anatoka Mbagala saa 10 alfajiri na sanduku la vipodozi kwenye bajaji, kwenda kupaka watu poda Sinza, Tabata, Kigamboni. Mvua yake, jua lake. Akacheza kikoba, akajinyima, akafikisha milioni 9 na nusu. Ndipo akaona posti ya dada mmoja wa kwenye tamthilia. IST rangi ya fedha, namba D, AC baridi, "injini haijaguswa, weka mafuta ondoka". Bei milioni 9 na nusu, na pembeni kaandika "maongezi hakuna, ukiona ghali panda daladala". Hiyo kauli peke yake ilitosha kumkimbiza mtu. Yeye akaona ni ujasiri.

Siku ya kuiona, staa hakuja. Alikuja kijana anajiita meneja. Gari imeshawashwa, inanguruma taratibu, "ili usicheleweshwe dada". Mdogo wangu alikuwa kaenda na kaka yetu mmoja ambaye hajui gari hata kidogo ila ni mwanaume, si ndo tunavyoambiwa, usiende peke yako? Kaka akapiga tairi teke mara mbili, akasema iko freshi. Kadi ikaonyeshwa kwenye simu, picha tu. Jina lililoandikwa sio la staa, ni la mwanaume mwingine kabisa. "Huyo ni bro wake," meneja akasema, "orijino iko kwa mwanasheria, wiki ijayo unayo."

Mdogo wangu akanyamaza. Hela ikaingia kwenye akaunti ya meneja. Staa akapiga video ya nusu dakika, akamwita "mama la mama", mwenzenu akapiga picha kashika funguo.

Wiki ya 5, saa 12 asubuhi, nje ya geti kuna wanaume wawili na bredi daun. Wana funguo ya akiba. Wana kadi orijino. Kumbe gari iliwekwa dhamana ya mkopo kabla hata ile picha ya Coco haijapigwa, marejesho yakasimama, na ndani kuna kile kifaa cha kufuatilia, kwa hiyo hawakuuliza mtaa, walikuja moja kwa moja. Waliivuta mbele ya majirani. Mdogo wangu kabaki kasimama na sanduku lake, bibi harusi anampigia simu.

Staa? Kamblock. Siku mbili baadaye kaweka maneno ya busara kwenye ukurasa wake, eti kuna watu wanatafuta kiki kupitia majina ya wenzao. Na nyie mkaenda kumwandikia "wivu utawaua". Nimewasoma wote. Baadhi yenu nawajua.

Sasa tuelewane. Kukopa kwa kadi ya gari sio dhambi, matangazo yake yamebandikwa kila nguzo ya umeme mjini hapa, na wengi wanakopa na wanalipa. Lakini kuweka kadi kwa mkopeshaji halafu ukauza gari kwa mtu wa pili bila kumwambia, huo ni wizi. Polisi wanaita kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Hakuna "changamoto za maisha" hapo, wala "kila mtu ana upande wake wa stori".

Ila hasira yangu haiishii kwa staa. Nilimuuliza mdogo wangu: uliona jina sio lake, kwa nini hukusema? Akanijibu, "Dada, niliona aibu. Ningeonekana mshamba."

Hapo ndipo wanapotupatia. Hawa watu sio wajanja sana kama tunavyodhani. Wanachojua ni kwamba kijana wa mjini yuko tayari kupoteza milioni 9 kuliko kuonekana hana maisha. Sikiliza maneno yao. "Kwani huniamini mimi?" "Kuna watu sita wanaisubiri." "Mimi nina jina, nitakuibia wewe?" Hakuna hata neno moja hapo linalohusu gari! Yote yamelengwa kwenye aibu yako. Mtu akikuuliza kama humuamini, mjibu ndiyo, simuamini mtu, naamini karatasi. Akinuna, shukuru Mungu, umeokoa hela.

Na usione aibu kuishika gari. Mwambie unaitaka asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na ukifika weka mkono juu ya boneti kabla hujasalimia. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi: milio ya asubuhi, na ule moshi wa kuwasha mara ya kwanza. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Mweupe mzito usiokatika unaweza kuwa maji yanaingia kwenye injini. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando kama chai ya maziwa, aga, nenda nyumbani. Washa swichi kabla ya kupiga starta: taa ya cheki injini lazima iwake, halafu izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa usifurahi, kuna fundi kaizima makusudi. Na ukiipima kwa kompyuta, ipime baada ya kuzunguka nayo nusu saa, maana kuna wanaofuta makosa yote asubuhi ile ile unayokuja.

Halafu kuna maji. Tunaishi Dar, tunajua Jangwani inavyokuwa mvua zikikasirika. Gari iliyooga mafuriko inasafishwa, inapuliziwa marashi, inauzwa. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, mpaka ugome. Ile sehemu ya ndani hakuna anayekumbuka kuiosha. Ukikuta mstari wa tope, basi hiyo sio gari, ni mtumbwi. Nyanyua kapeti, angalia bolti za siti kama zina kutu. Kilomita kwenye dashibodi zisikudanganye, zinarudishwa kama saa. Angalia pedali ya breki imelika kiasi gani, angalia usukani ulivyong'aa. Gari ya kilomita 60,000 haiwezi kuwa na pedali kama kandambili ya chooni.

Fundi uende naye wa kwako. Umlipe wewe, umlipe vizuri, na umwambie kabla kwamba hata gari ikiwa mbovu hela yake iko pale pale. Fundi wa kuletewa na dalali ni shahidi wa upande wa pili. Nimeshuhudia fundi anasema "injini tamu hii" huku jicho liko kwa meneja anasubiri ya soda.

Lakini gari mbovu bado unaweza kutengeneza. Karatasi mbovu hutengenezi. Mdogo wangu IST yake ilikuwa nzima kabisa, ilivutwa ikiwa nzima. Kwa hiyo ikija kwenye kadi uwe mbishi kuliko mama mwenye nyumba. Orijino mkononi, sio picha. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yako. Ni "bro wake"? Bro aje. Namba ya chesisi iliyoko kwenye kadi ifananishe na ile iliyogongwa kwenye chuma chini ya boneti, tarakimu kwa tarakimu, ukiona pamekwanguliwa au pamechomelewa ondoka bila maelezo. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi, kila kosa la barabarani ni elfu 30 na watu wanakuuzia wakiwa nayo kumi. Angalia na madeni ya maegesho, na bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, stika peke yake sio ushahidi. Yote haya unafanya kwa simu hiyo hiyo uliyotumia kuweka mioyo.

Hela ilipwe benki, kwenye akaunti yenye jina lililoko kwenye kadi. Sio ya meneja, sio ya shemeji. Mkataba mbele ya wakili, na bei iandikwe ile ile mliyokubaliana. Kuna wanaokushawishi muandike milioni 4 ili ushuru wa stempu upungue. Ushuru wenyewe ni asilimia 1, kwenye milioni 9 na nusu ni elfu 95! Kwa ajili ya elfu 95 unakwenda kusaini karatasi inayosema gari yako ni ya milioni 4, siku mkifika mahakamani utadai nini? Halafu usikae na kadi ya jina la mtu mwaka mzima eti "nitabadilisha nikipata nafasi". Nenda TRA na muuzaji wako, wote mkiwa na TIN, mhamishe umiliki mmalize. Asiyetaka kufika TRA ana sababu yake.

Najua mtakachosema. "Kwani yadi hawaibi?" Wanaiba, nani kakataa. Lakini yadi ina ofisi ambayo unaweza kwenda kukaa mlangoni na kupiga kelele. Ukurasa wa Instagram una kitufe cha kublock. Na wengine mtasema nawaharibia mastaa wanaouza kihalali. Sawa, wapo. Kuna mwimbaji mmoja, wengi wenu mnamdharau kwa sababu havai dhahabu, aliuza Passo yake kwa jirani yangu. Alikuja mwenyewe, kofia kichwani, kadi jina lake, akamwambia lete fundi wako akae nayo siku nzima. Aliposikia gia inachelewa kuingia akapunguza laki 4 bila kuombwa. Hakupiga picha, hakuna aliyejua. Huyo mngemwandikia mioyo basi.

Tatizo letu tunampa jina anayepiga kelele. Dada wa tamthilia ana ndinga mpya sasa, mnamsifia inavyong'aa. Kuna vumbi la Mbagala kwenye hizo rimu, ila kamera hailioni.

Kesi ya mdogo wangu iko polisi, ina namba, inasogea kwa mwendo wa polisi. Yeye karudi kwenye bajaji. Wiki mbili zilizopita kaanza tena kuangalia gari, nikaenda naye Kimara kwa mwalimu mmoja mstaafu anauza Vitz ya zamani, rangi imeshachujuka. Safari hii fundi ni wa kwetu. Mwalimu katoka na faili la plastiki, ndani kuna kadi orijino jina lake, na risiti za oili za miaka yote zimepangwa kwa tarehe. Mdogo wangu kamwamkia, kapokea shikamoo yake, akakaa siti ya mbele akaanza kuvuta mkanda. Akauvuta mpaka ukagoma, akauangalia kwa tochi ya simu. Mimi nikajisikia vibaya, mzee wa watu, nikataka kumwombea radhi.

Mwalimu kainama dirishani, akamwambia, "Vuta na ya nyuma, mwanangu."