NYUMBA NA MALEZI: Jumba la Sanaa na Mikono ya Mtoto

Mtoto wa askari aweza kuzaliwa Jinja, akaanza shule Mbarara, na akafika darasa la sita Moroto. Popote baba apelekwapo na kazi, mama hufunga mizigo na watoto hufuata. Katika safari hizo mtoto hupata marafiki wengi na lugha nyingi, lakini aghalabu hukosa jambo moja: kuketi kando ya bibi yake na kumtazama akifinyanga chungu. Kazi ya mikono hupatikana kwa kukaa karibu na mtu aijuaye. Damu peke yake haiileti.

Uchukuliwe mfano wa askari arudiye likizo kwao Awindiri, katika Arua iliyopewa hadhi ya jiji mnamo Julai 1, 2020. Watoto wake huingia uani kwa bibi na kuona chungu cha maji kilichofunikwa kwa kibuyu. Huuliza kimenunuliwa duka gani. Bibi hucheka, lakini baba aliye makini hatacheka, kwa maana swali hilo humwonyesha kiasi cha urithi uliokwisha kupotea nyumbani mwake.

Ni hapa ndipo majumba ya sanaa yanapoweza kuisaidia jamaa. Watu wengi hudhani kwamba jumba la sanaa ni mahali pa matajiri, ambapo mgeni hutembea kimya huku mikono ikiwa nyuma. Historia ya Afrika ya Mashariki yaonyesha vingine. Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, barazani pa nyumba yake, na kutokana na mwanzo huo mdogo kikatokea chuo kilichopewa jina lake. Nommo, jumba la sanaa la taifa, lilifunguliwa Kampala mwaka 1964. Mwaka uliofuata Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Tanganyika aliyesoma Makerere, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali ambapo msanii na mgeni hukutana na kufanya kazi pamoja. Katika Jumba la Makumbusho la Uganda, kwa miaka mingi ngoma na zeze hazikuachwa zilale kabatini. Wapigaji walizipiga, na wageni wakasikia sauti zake.

Jamaa za West Nile zina mfano ulio karibu zaidi. Katika makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, kituo cha muziki na sanaa kilikamilika mwaka 2023. Kimejengwa kwa matofali ya udongo, na paa lake hukusanya maji ya mvua. Huko vijana waliokimbia vita vya Sudan Kusini wanalo jukwaa la kuimbia na mahali pa kujifunzia. Ikiwa aliyepoteza nyumba yake huona faida ya kuimba na kuchora, mwenye nyumba hana udhuru.

Mzazi atakaye kumpeleka mtoto kwenye warsha ya sanaa yampasa kuchunguza mambo matatu. Kwanza, je, mtoto atashika kazi kwa mikono yake, au atamtazama mwalimu tu? Pili, je, kundi ni dogo kiasi cha kila mmoja kuonwa na kusahihishwa? Tatu, je, mtoto atarudi nyumbani na kitu alichokitengeneza, hata kikiwa kimepinda? Kitu kilichopinda humfundisha mtoto alipokosea, naye hutaka kujaribu tena.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba asiyeweza kusafiri takriban kilomita 500 kutoka Arua hadi Kampala amenyimwa mafunzo hayo. Uani pa Awindiri, bibi ni mwalimu. Udongo wa mfinyanzi uchukuliwe, uondolewe mizizi na vijiwe, kisha unyunyizwe maji na kukandwa mpaka uwe laini. Kigae cha chungu kilichovunjika kisagwe na unga wake uchanganywe humo, ili chungu kipya kisipasuke. Mtoto aviringe udongo kuwa kamba ndefu, azipange kamba hizo duara juu ya duara, na kuziunga kwa kidole kilicholowana. Kipande cha kibuyu kitatosha kulainishia. Chungu kikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, wala kisiharakishwe juani. Kichomwe na mtu mzima baada ya kukauka kabisa, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua.

Kazi hiyo yahitaji siku nyingi kuliko alasiri moja. Kwa hiyo baba asiingoje siku ya mwisho ya likizo, wakati mizigo imekwisha fungwa na bibi anafuta machozi mlangoni. Aianze siku ya pili. Ujuzi hauzeeki, wasema wahenga, lakini mwenye ujuzi huzeeka, na likizo ijayo huenda chungu kile cha maji kikakutwa uani peke yake.