Ampuli moja katikati ya saloni haitoshi

Leo siongelei barabara wala bei ya makala. Naongelea plafoni. Wengine watacheka: mji uko katika hali hii, na huyu anatuandikia habari za ampuli za saloni! Mnivumilie kidogo.

Juma lililopita nilikula chakula cha jioni kwa jamaa yangu huko Katoyi. Nyumba ni ya mbao, juu manjanja, na saloni ndiyo hiyo hiyo mahali pa kula. Ndani wanaishi watu kumi na mmoja. Watano ni wenyeji. Sita ni wahami wa vita kutoka Masisi, ambao kambi ya Bulengo ilipobomolewa mwezi wa pili mwaka 2025 hawakuwa na nyumba iliyosimama kule kwao. Siku hiyo kuran ilikuwepo. Ampuli moja, katikati kabisa ya plafoni ya tripleksi. Meza imesukumwa ukutani ili watu wapate pa kupita, kwa hiyo kila aliyekaa kula alikuwa ameipa ampuli mgongo. Tulikula sombe, kila mtu na kivuli chake ndani ya sahani.

Saa mbili msichana wa nyumba, yuko mwaka wa sita wa primeri, alifungua daftari. Mezani hakuona kitu. Akaenda kulala kifudifudi chini, katikati ya saloni, ndipo palipo na mwanga. Lakini hapo hapo ndipo wageni wanapotandika mikeka. Saa tatu mtoto mchanga wa mgeni alianza kulia kwa usingizi. Ampuli ikizimwa, masomo yamekwisha. Ikibaki inawaka, mtoto halali. Wale mama wawili wanaheshimiana sana, hakuna aliyesema neno. Kila mmoja aliangalia chini. Msichana akafunga daftari mwenyewe.

Nimetembelea nyumba nyingi zinazopokea wahami, na nasema bila kuogopa: sehemu ya minong'ono ya nyumba hizo haitoki kwenye chakula. Inatoka kwenye ampuli moja ambayo watu kumi na mmoja wanaigawana.

Kosa linaanza kwa sisi tunaojenga. Fundi wa kuran anauliza, "Katikati?" Mwenye nyumba anaitika, "Ndiyo, katikati." Hakuna aliyeuliza watu watakaa wapi, watakula wapi, nani atalala pale. Katikati ya saloni hakai mtu. Na wenye uwezo hawatushindi sana. Niliingia saloni moja kule Himbi, plafoni nyeupe ya plasta, ya kupendeza kweli, nikahesabu ampuli ndogo 24 zilizozamishwa ndani yake, zote kwa enterupteri moja. Meza ya kula ilikuwa pembeni, gizani. Pesa haikukosekana pale. Hawakufikiri tu.

Maoni yangu ni kwamba saloni ya Goma inataka taa tatu ndogo, kila moja na enterupteri yake, kuliko moja kubwa. Anza na meza. Iweke mahali itakapokaa, kisha uning'inize ampuli ya LED ya wati 5 au 7 juu yake, sentimeta 70 hadi 80 kutoka kwenye ubao wa meza, na kifuniko kidogo ili isichome macho. Hapo mtu anaona mwiba wa samaki na mtoto anaona mstari wa daftari. Kwenye viti, ampuli ya wati 9 inatosha. Mwanga wake ni kama wa ile ya zamani ya wati 60. Ya tatu, wati 3, iwe karibu na mlango, kwa anayetoka usiku kwenda choo asikanyage waliolala. Zote tatu zikiwaka pamoja hazifiki wati 20. Kwa mwenye Cash Power, hesabu hiyo inaeleweka.

Jioni chagueni ampuli za mwanga wa njano, zile zilizoandikwa 2700 au 3000 kwenye karatoni. Zilizoandikwa 6500 ni nyeupe ya kibuluu, zinafaa dukani, ila watoto hawalali vizuri chini yake. Na mbao nyeusi inameza mwanga. Plafoni ikipakwa rangi nyeupe, ampuli ile ile inaonekana kama imeongezwa nguvu.

Sasa nyaya, na hapa sicheki. Nyumba zetu ni za mbao, zimebanana. Moto wa nyumba moja unachukua nyumba tano kabla watu hawajapata maji. Miaka michache iliyopita fundi mmoja aliunganisha nyaya zangu juu ya plafoni na kuzifunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Nilikuja kujua usiku, kwa harufu. Tangu siku hiyo napanda mwenyewe na torchi kuangalia. Waya wa taa uwe wa milimita 1.5, wa prizi 2.5, viungo viwe ndani ya boksi, na dijonkteri ya taa iwe ya amperi 10. Na mtu asivute kuran ya resho kwenye waya wa ampuli, hata kama ni ya kupasha maji ya mtoto tu.

Mtaniambia, kuran yenyewe iko wapi? Ni kweli. Tuna kuran ya SNEL, tuna ya Matebe inayotoka Rutshuru, tuna ya pano za Nuru kule Ndosho tangu 2020, na bado tumekaa gizani: mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na tena mwezi wa kwanza 2025 mji ulipoingiliwa na vita. Ndiyo sababu nasema wakati plafoni bado iko wazi, pitisheni pia waya wa pili wa taa za volti 12, mbali na ule wa 220. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne ni watisaa 60. Batri ya volti 12 yenye amperisaa 12 inabeba 144, na isipozidi kutumika nusu yake itadumu. Jua la mchana likishindwa, bado kuna chakula cha jioni chenye mwanga.

Kwa mabayeri nina neno moja. Mnachukua garanti ya miezi mingi, halafu mpangaji akiomba taa ya pili mnasema atakula kuran. Mita chache za waya, enterupteri moja, nusu siku ya fundi. Hamjafilisika. Na kwa nyinyi wahami ambao hamjui mwezi ujao mtalala wapi: msiweke pesa kwenye ukuta wa mtu. Nunueni taa ya batri yenye waya mrefu, pigilieni msumari uliopinda juu ya mkeka wenu. Mkiondoka, taa inaondoka nanyi.

Jumamosi fundi alifika kule Katoyi. Akapanda kwenye kiti, akagonga tripleksi, akauliza kama kawaida, "Katikati?" Mama wa nyumba hakumjibu. Alimgeukia mgeni wake: "Mama Furaha, nyinyi munalalaka upande gani?" Mgeni akanyoosha kidole kwenye kona ya dirisha. "Basi pale usiweke kitu," fundi akaambiwa. "Vuta waya uende kwa meza."