"Breki Zilifeli" Si Jibu

Wasee, tuache kumeza hii stori ya "breki zilifeli."

Tarehe 30 Juni 2023, Londiani Junction, hapa hapa Kericho, lori iliparamia matatu na wauzaji wa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 wakafa. Serikali ikasema masoko yahamishwe. Sawa, mama mboga ahame. Na trela je?

Trela ina breki zake. Zinatumia hewa inayotoka kwa kichwa cha lori kupitia hosi. Zikikufa, ama makanika azifunge juu mwenye gari hataki gharama, mzigo wote unasukuma kichwa. Kwa mteremko breki za kichwa zinachemka, zinaacha kushika. Si shetani huyo. Ni ubahili.

Na kupima ni dakika mbili: chomoa hosi ya presha, trela lazima ijifunge yenyewe. Jaribu kuivuta. Ikitembea, hakuna safari.

Trela hata ina namba pleti yake. Kwa hivyo ikiua, tusimuulize dereva peke yake. Tumuulize mwenyewe, na aliyeipitisha inspeksheni.

Sisi wa Kiptere tunaishi kwa miteremko. Pole tumepewa za kutosha. Tunataka breki.