Sekunde 25 za mchezaji wa tenisi

Kijana wa Kihonda, Morogoro, anayejifunza tenisi kwa kupiga mpira ukutani ana mwalimu asiyechoka wala kudai ada, ila ukuta una kasoro moja: haumpi presha. Na presha ndiyo iliyoamua fainali ya wasichana chipukizi, wawili kwa wawili, huko Wimbledon mwaka 2022. Mkenya Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walipoteza seti ya kwanza 3-6 mbele ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza kazi kwenye taibreka ya kuamua mshindi, 11-9. Inapofika 9-9 hakuna ufundi mpya wa kujifunza, kinachobaki ni kichwa. Sheria humpa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na wengi huzimaliza wakiilaumu raketi. Afadhali aupe wavu mgongo, ashushe pumzi, aamue sevu inaelekea wapi, ndipo aurushe mpira juu, mkono umenyooka, vidole vikiuachia taratibu usizunguke. Sevu ndilo pigo pekee ambalo mpinzani hana namna ya kuliingilia kabla halijapigwa. Makocha wa Morogoro, basi, wasiishie kuwarushia vijana mipira kikapu kizima. Wawahesabie alama hata mazoezini, na siku nyingine waanzie hapo hapo kwenye 9-9.