Mwacheni Paa Afe

Katika vitabu vyetu vya watoto kuna desturi iliyoota mizizi. Hadithi ikiisha, huchorwa mstari, na chini ya mstari huandikwa: "Fundisho la hadithi hii". Nimeyafundisha maneno hayo kwa miaka mingi, tena nikiwa chuoni niliwafunza walimu vijana kuyaweka katika maandalio yao ya somo. Leo nayapinga. Pamoja nayo nawapinga wenzangu wanaofanya baya zaidi, yaani kuzilainisha hadithi zenyewe ili mtoto asihuzunike.

Nichukue kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikiandika kwa kuwasikiliza watu wa Unguja na kukichapisha London mwaka 1870. Maskini mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kuchakura jaani apate punje za mtama, aliokota thumuni. Watu wakamcheka alipoinunulia paa. Kumbe paa yule alikuwa akisema. Aliokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kumposea bwana wake binti. Akamtafutia nguo, heshima na jina. Akamuua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana apate jumba la kukaa. Kisha paa akaugua. Kizee mmoja akaja kumweleza bwana, na bwana akajibu kwamba apikiwe uji wa mtama hafifu, yatosha. Mke hakuamini masikio yake. Paa akafa kwa uchungu kuliko maradhi, akatupwa kisimani. Mke akarudi kwao kwa baba yake, na mume alipoamka alijikuta jaani, anachakura kama zamani.

Mwanachuo mmoja, nilipokwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha, aliisimulia hadithi hiyo darasani hivi: bwana alitubu, paa akapona, wote wakala pilau. Binti mdogo wa dawati la mbele akanyosha kidole. "Mwalimu, bibi alisema alirudi jaani." Yule kijana akamwambia akae chini. Baadaye nilipomuuliza, alinijibu kwamba watoto wangeogopa.

Waogope! Mtoto anayelala nyumba moja na njaa, na mauti, na baba mlevi, ataogopeshwa na paa? Anachokiogopa mtoto ni dunia isiyo na hesabu, ambamo mtu hula fadhila na kuitupa kisimani, kisha akaendelea kukaa jumbani. Jaa la mwisho wa kisa ndilo linalompa usingizi. Ukiliondoa, umempokonya haki, ukamwachia pilau.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kule Italia, Carlo Collodi alianza mwaka 1881 kuandika habari za Pinocchio katika gazeti la watoto, na kwanza aliikomesha hadithi pale kikaragosi kilipotundikwa mtini. Nakiri kwamba wasomaji walidai iendelee, naye akaendelea hadi kikatoka kitabu mwaka 1883. Lakini hakuufuta ule mti. Wala hakuifuta nyundo iliyompiga nyenze aliyempa Pinocchio nasaha. Alirudi akiwa mzimu, na nasaha zake zikawa nzito zaidi. Katika sinema ya Disney ya mwaka 1940 nyenze huyo amekuwa rafiki mchangamfu mwenye kofia, na hapigwi nyundo yoyote.

Wapo pia wanaotaka Sungura aondolewe shuleni kwa kuwa ni mwongo na mwizi. Hawa nadhani hawajawahi kumsikiliza hadi mwisho. Sungura humshinda Simba na Fisi, wenye nguvu kumzidi; akiwaibia maji wanyama wenzake waliotoka jasho kuchimba kisima, anayemnasa ni Kobe, mnyonge kuliko yeye. Mtoto huona tofauti hiyo bila kuandikiwa ubaoni.

Na hapa narudi kwenye ule mstari wangu. Mwaka mmoja nilisahihisha mtihani ambao swali lake lilikuwa: kisa cha paa kinatufundisha nini? Mwongozo wa kusahihisha ulisema, "Tusiwe wachoyo." Mvulana mmoja aliandika kwamba bwana yule hakuwa mchoyo, maana alikuwa na vingi na angeweza kutoa, ila kila akimtazama paa alikumbuka jaa, na hakutaka kukumbuka. Nilisoma mara mbili. Nikaweka mkasi. Jibu halikuwamo katika mwongozo, na mimi nilikuwa mtu wa mwongozo. Sijui mvulana yule yuko wapi. Ninachojua ni kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kusikia kisa kile kikielezwa vizuri namna ile, nami nilimpa sifuri.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji na wakuza mitaala: chapeni hadithi nzima, pamoja na kisima na jaa. Msiulize inafundisha nini. Ulizeni kwa nini mke ndiye aliyelia na si bwana, au kwa nini paa hakumkumbusha bwana wake alikomtoa, kisha mwalimu anyamaze, hata kama kengele italia kabla hajajibiwa. Na pale palipokuwa na ule mstari wa fundisho, paacheni patupu.